Kozi Aliyoichagua Umaru

Msinitajie habari ya watu wa kamati. Nimewalisha mie hao, chapati na maharage, na sahani hawajui kuirudisha jikoni, na bado wanakaa mezani kwangu kusema ati Umaru alijitakia. Alijitakia nini? Basi nitasema mie, maana nilikuwepo, na mdomo wangu haujafungwa na mtu. Marehemu mume wangu alijaribu, akachoka.

Jina langu Ghania. Baba yetu alituleta Dubai kutoka Unguja tungali wadogo, akafungua duka la karafuu na pilipili manga kule Al Ras, na huko ndiko nilikokulia. Sasa nina mkahawa wangu Al Quoz, nyuma ya magereji, karibu na majumba ya kambi wanamolala wafanyakazi wa makampuni. Wateja wangu wengi ni walinzi, Waganda, Wakenya, Watanzania. Wakishuka kwenye basi la kampuni wanakuja kula na sare zao, wamechoka hoi, na wote wananiita Mama, ila Umaru. Yeye aliniita Hajati, kama Waislamu wa kwao Uganda wanavyomwita mwanamke aliyekwenda kuhiji. Nilimpenda kwa hilo, siwafichi.

Umaru alikuwa mtu wa Iganga, mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kambini, ngeli anazipiga mateke. Kabla ya kuja huku alikuwa askari wa kituo cha mafuta Jinja, miaka na miaka, bunduki begani. Kwao ndivyo ilivyo, hata mlango wa duka la mikate una mtu na bunduki. Aliibeba juani na mvuani na hakuipiga hata siku moja. Kazi ya ile bunduki ilikuwa kumshikilia asianguke kwa usingizi. Akiisimamisha chini, anaweka viganja viwili juu ya mdomo wa bunduki, pale inapotokea risasi, kidevu juu ya viganja, kama mkulima aliyepumzikia mpini wa jembe. Alinionyesha mwenyewe kwa ufagio wangu, huku anacheka.

Hapa Dubai alikuwa mlinzi wa lango kwenye ghala la kampuni ya kusafirisha dhahabu na saa za bei kubwa, kule Freezone, eneo la biashara huru la uwanja wa ndege. Mikono mitupu, redio tu kiunoni. Na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kumleta mkewe Masuda. Sheria ya hapa inajulikana, mwenye mshahara mdogo hamleti mke, atamtazama kwenye simu. Alimwacha mtoto wao hajaota meno, na sasa mtoto anaandika jina lake mwenyewe. Wakati wa kula alikuwa akiiegemeza simu kwenye jagi la maji, Masuda naye kule anakula, wanatazamana. Ndo chakula cha mume na mke hicho. Masuda nilimjua kwa simu hiyohiyo. Alikulia Busia mpakani akiuza vitenge, Kiswahili chake kizuri kuliko cha mumewe, na tulikuwa tukiamkiana kila siku.

Basi kampuni ikatangaza kuwa inataka walinzi wa kusindikiza mzigo, wenye bastola. Mshahara wao ulikuwa unatosha kumleta mke na mtoto. Sharti ni mtu awe na cheti cha kozi ya silaha, na kozi ajitafutie mwenyewe.

Hapo ndipo kamati ilipoingia. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuozi, hatuziki, hatuugui bila kamati, na kumbe hata bunduki hatujifunzi bila kamati. Wakafungua kundi la simu, wakamchagua Nuwa mwenyekiti, Dorcus wa kule hotelini mweka hazina, michango ikaanza kuingia ili Umaru na Ronnie waende kusoma. Ronnie alikuwa mlinzi mwenzake wa lango moja, kijana wa Mukono, mchangamfu, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya msimamizi. Na kwa kuwa pesa ni ya watu wote, uamuzi nao ukawa wa watu wote. Walikaa kwangu Ijumaa baada ya sala, wapishi na matopasi na madereva, hakuna aliyewahi kushika hata manati, wanachambua kozi za silaha kama wanaonunua ng'ombe wa harusi.

Kozi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa papa hapa Al Quoz, jengo la vioo, siku chache tu, na kila aliyeingia alitoka na cheti. Ya pili ilikuwa mbali, kwenye barabara ya jangwani, kwa mama mmoja aitwaye Taghreed aliyekuwa askari polisi zamani. Hiyo ilikuwa ndefu, bei yake kali zaidi, na nusu ya watu walirudi kwao bila cheti. Kwa kamati hapakuwa na mjadala tena. Nuwa alisimama akasema, "Mchango wa watu haufeli." Wakapiga makofi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Mie nilikuwa nakanda unga, nikasema kutoka jikoni kwamba kozi isiyomfelisha mtu ni studio ya picha. Marehemu Shihab, mume wangu, alikuwa mtunza silaha wa polisi, na alikuwa akirudi nyumbani ananung'unika juu ya watu walioletwa kwake na vyeti vizuri na vidole vibaya. Wakaniambia Mama, endelea na chapati. Nikaendelea.

Lakini Umaru alikuwa amesikia. Siku yake ya mapumziko akaenda kuzitazama zote mbili kwa macho yake, kwanza ya vioo, kisha ya jangwani, akarudi kwangu jioni. Ile ya vioo, alisema, hata chai hakuimaliza, wakampa bastola apige. Risasi zilikwenda zilikokwenda, wakampigia makofi, wakampiga picha kakunja uso. Kwa Taghreed hakupiga kitu. Yule mama alimpa bunduki ndefu isiyo na risasi, akamwambia asimame tu, akaenda kuandika mambo yake. Umaru akasimama. Baada ya muda viganja vyake vikapanda juu ya mdomo wa bunduki, vyenyewe, kama vile Jinja. Taghreed aliponyanyua kichwa aliruka akamnyang'anya, uso umembadilika rangi. Akamwambia mtu asiyejua kabisa ni rahisi kumfundisha, ila yeye ana mambo ya kufutwa kwanza, na kufuta ni kazi. Atamfundisha, lakini hamuahidi.

Nikamuuliza, sasa umechagua ipi? Akachukua chungwa, akaanza kulimenya.

"Hajati," akasema, "ile mama aliniogopa. Miaka yote nilibeba bunduki, hakuna mtu aliniogopa. Kule wengine walinipigia makofi. Mimi namwamini huyu aliyeogopa."

Wallahi nilitaka kulia. Kamati ilipopata habari ikachafuka. Dorcus alisema Umaru anajifanya mjuaji kwa pesa za watu. Mwisho wakakubali kwa shingo upande, lakini wakamwonya kwamba akifeli hakuna atakayemchangia tena. Ronnie alikwenda zake kwenye vioo. Siku hizohizo picha yake ikatokea kwenye simu za watu wote, miwani myeusi, bastola kifuani, maandishi ya kumshukuru Mungu na kamati. Kabla Umaru hajafika katikati ya kozi yake, Ronnie alishapata kazi, na pilau ya kumpongeza niliipika mie. Umaru alikula vizuri, akampa mkono kwa moyo safi.

Na alisoma, msione hivi. Kila siku ya zamu fupi anapanda mabasi mawili kwenda jangwani. Nilimwona hapa mkahawani, hata mwiko akiushika kidole kimenyooka pembeni, ncha ikatazama chini. Akipita mtu mbele yake anaugeuza. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama maharage yana risasi. Yeye alikuwa anaamini. Alimwambia Masuda aanze kutafuta pasipoti ya mtoto.

Akafeli.

Alifeli mtihani wa mwisho, na si wa kulenga. Kulenga alikuwa wa kwanza. Taghreed aliwasimamisha na bunduki juani, tangu asubuhi, bila kusema neno, na jua la huku mnalijua. Wengine wakachoka, wakaketi. Umaru hakuketi, lakini uchovu ulipomshika mikono ikamrudisha Jinja, viganja juu ya mdomo wa bunduki. Taghreed alimwambia mbele ya wote kwamba hatampa cheti. Kisha akamwita pembeni akamwambia arudi kozi inayofuata, amebakiza kidogo sana, na kwamba mara ya pili hatamlipisha kitu. Umaru alinieleza haya bila kumlaumu mtu. Mie nilimlaumu. Nilimtukana yule mama kwa Kiarabu na Kiswahili, kisha nikakumbuka maneno yangu ya jikoni. Kumbe ni rahisi kuisifu kozi inayofelisha mpaka imfelishe mtu unayempenda.

Kamati ilifurahi, Mungu anisamehe, ilifurahi kabisa. Nuwa akawa anasimulia kila aingiaye kwamba kuna mtu alibeba bunduki ujana wake wote, akaja kufeli bunduki Dubai. Hayo yangepita. Lililomkata maini Umaru ni Masuda. Umaru alimwambia kweli, kwenye simu, hapa mezani kwangu. Masuda hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo imekuwaje Ronnie aliyekuwa akiuza simu za mitumba amefaulu, na mtu aliyerudi na bunduki nyumbani kila asubuhi amefeli. Umaru akajaribu kueleza habari ya viganja. Masuda akasema, "Umaru, kama hutaki nije, sema hutaki." Akakata.

Tangu hapo Umaru akawa anakula peke yake. Simu ya Masuda ikawa ya mtoto tu, salamu, karo, mgonjwa fulani, basi. Huko kijijini kwao walishamjaza maneno kwamba wanaume wa Dubai wana wake wa Kifilipino, na huyu kajifelisha makusudi. Nani anajifelisha? Lakini mtu aliyengoja miaka ile yote huamini lolote. Nilitaka kumpigia nimweleze mwenyewe, Umaru akanikataza. Alisema atarudia kozi, atafaulu, atampelekea tiketi, na tiketi itasema.

Kampuni sasa ikawapanga pamoja kwenye mlango wa kupakia mzigo, Ronnie na bastola, Umaru na redio. Mtu aliyekaa na Taghreed muda ule alikuwa anaona mambo, na aliyoyaona yalimtia homa. Ronnie alikuwa akizungusha kiuno, bastola inawatazama watu. Alikuwa akiitoa ili kuwaonyesha madereva. Wakati wa kuirudisha ghalani alikuwa akiifungua huku anaongea na simu. Umaru alimwambia kwa adabu, faraghani. Ronnie akamjibu kwamba hajawahi kuona aliyefeli akimfundisha aliyefaulu, na maneno hayo yakaenea kambi nzima, watu wakayacheka. Umaru akaenda kwa msimamizi, Mohannad. Huyo si mtu mbaya, ana haraka tu ya maisha. Alitazama faili, akaona Ronnie ana cheti na Umaru hana.

"Wewe umefeli," akamwambia. "Yeye amefaulu. Khalas."

Nilimwambia Umaru asisimame na yule kijana. Awe mgonjwa, awe na msiba, awe na kichaa. Akasema akikosa zamu watamwondoa, na akiondolewa kabla ya kozi kuanza, Masuda ataamini maisha yake yote kwamba alidanganywa. Kozi ilikuwa karibu. Alishaomba ruhusa ya siku zake.

Ilitokea mchana, zamu inaisha, basi linapiga honi nje. Kuna chumba kidogo cha kutolea risasi kabla bastola haijafungiwa. Ronnie alikuwa na haraka. Alitoa magazini, kile kikasha cha risasi, akaiweka mezani, na akasahau kwamba risasi moja hubaki ndani ya bastola yenyewe. Umaru alimwambia ageukie ukutani. Ronnie akamcheka, akafyatua ili kumwonyesha kuwa ni tupu. Kule kwenye vioo ndivyo walivyofundishwa kuonyesha, na ilitoka vizuri kwenye video. Risasi iliingia kwenye goti la Umaru.

Hospitali walifanya walichoweza. Mguu haukukatwa, lakini goti halikunjiki tena. Kampuni ikasema mlinzi asiyekunja goti si mlinzi, atarudishwa kwao akipona. Ronnie alishikwa na polisi. Na hapa, kwa sheria za huku, aliyeumizwa akisamehe kwa maandishi, mzigo wa aliyeumiza hupungua sana. Basi kamati ikaja. Walikuja na ndizi na zabibu, wakakizunguka kitanda, na mie niko pale na uji wangu.

Nuwa alianza mbali, akafika. Ronnie ni mwenzetu, hakukusudia, ana mama kule Mukono anayemtegemea. "Mguu umeshakwenda, Umaru. Kumfunga Ronnie hakutaurudisha." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwao ulikuwa mwepesi kabisa. Halafu yule mtu, mbele ya mguu uliofungwa bendeji mpaka pajani, akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba laiti Umaru angekwenda kozi waliyomchagulia, leo naye angekuwa na bastola yake. Niliinuka nikamwambia atoke. Nilimwambia kwa lugha ambayo manesi waliielewa bila kuijua. Hakutoka. Aliyenizuia ni Umaru mwenyewe, kanishika mkono.

Akamuuliza Nuwa, Ronnie akitoka atarudishiwa bastola? Nuwa akasema Inshallah, kampuni ina upungufu wa watu.

"Basi mwambie Mohannad," akasema Umaru, "ampeleke kwa ile mama kwanza. Asipopita kwa ile mama, asishike. Hiyo tu ndiyo nataka."

Akasaini. Hakuomba kitu kingine, wala hakuna aliyemkumbusha aombe. Walimshukuru, wakasali, Dorcus akalia, wakaondoka na zabibu zimebaki nusu. Mie nilikaa nikimtazama, nimemkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Nuwa, na mpaka leo sijui ningetaka afanye nini.

Kamati hiyohiyo ilichanga tena kwa ajili ya safari yake, ikapiga picha naye uwanja wa ndege, kwenye kiti cha magurudumu. Ronnie alitoka. Kampuni ikamlipia kwa Taghreed, akafeli, ikamlipia tena, akafaulu. Hivi sasa ni mlinzi mzuri, ninasikia, makini sana. Mchumba wake amekuja juzi kutoka Mukono, wakala hapa mezani. Niliwapa chakula.

Na Masuda alinipigia. Sikutarajia. Umaru alikuwa ameshafika kwao, mwezi unakwisha. Aliniamkia, akaniuliza biashara, nikamuuliza mgonjwa, akasema anatembea na fimbo mpaka barabarani. Nilisikia kuku, na mtoto akisoma kwa sauti.

"Hajati," akasema, "nataka uniambie wewe, si yeye. Ile kozi, kweli alifeli?"

Nikamwambia kweli alifeli. Nikamweleza habari ya jua na viganja, na mabasi mawili, na mwiko wangu, na kwamba alikuwa amebakiza wiki arudi akafanye tena. Nikamwambia alisimama na yule kijana kwa sababu alikuwa anaingoja hiyo kozi.

Nikamsikia akimwambia mtoto akasome nje.

"Kumbe alikuwa ananitaka," akasema.

Nyuma yake nikamsikia Umaru anakuja, fimbo na mguu, fimbo na mguu, akiuliza ni nani. Masuda akamjibu ni mtu kakosea namba.